Neno "rubber" halina kisawe nje ya sentensi yake

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeulizwa kisawe cha neno la Kiingereza "rubber" hujibu upesi kwamba ni "eraser", na kwa kawaida hupewa alama yake bila mjadala. Jibu hilo lina ukweli wake katika madarasa ya Uingereza na ya nchi zilizorithi Kiingereza cha Waingereza, zetu zikiwamo. Hata hivyo, halistahimili swali la pili. Katika sentensi "tyres are made of rubber", je, tunaweza kuondoa "rubber" tukaweka "eraser"? Hatuwezi. Wala hatuwezi kufanya hivyo katika "they won the rubber", ambako hakuna kifutio wala mpira wa aina yoyote, bali kuna karata au tenisi. Ninachodai ni kwamba neno hili, likisimama peke yake, halina kisawe hata kimoja. Visawe vyake huzaliwa pale linapoingia kwenye kirai, likashika kibainishi (kama "a" au "the"), likawa la umoja au la wingi, na likajulikana linatamkwa na mtu wa nchi gani. Orodha zinazochapwa nyuma ya vitabu vya kiada, neno upande wa kushoto na kisawe kimoja upande wa kulia, zinafundisha Kiingereza kisichozungumzwa popote.

Maana za neno hili zilitawanyika kwa sababu zinazoeleweka, na chanzo chake ni kitenzi. "Rub" ni kusugua, na "rubber" kwa asili ni msuguaji, awe mtu au kifaa. Kabla Waingereza hawajauona utomvu wa mti wowote wa Amazon, tayari walikuwa na "rubber" ya brashi, "rubber" ya kitambaa cha kusugulia, na "rubber" ambaye ni mtumishi wa kusugua wateja kwenye hamamu au farasi kwenye zizi. Lilikuwa jina la kazi, na chochote kilichoifanya kazi hiyo kilistahili kuitwa hivyo.

Mwaka 1770 Joseph Priestley, ambaye wengi tunamkumbuka kwa uchunguzi wake wa oksijeni, alichapisha kitabu kuhusu kanuni za kuchora vitu kwa kuzingatia umbali, na humo akataja kitu kipya kilichofaa sana kufuta alama za penseli kwenye karatasi. Alieleza kwamba kiliuzwa na Nairne, fundi wa vifaa vya hisabati mjini London, na kwamba kipande cha mchemraba chenye upana wa takriban nusu inchi kiligharimu shilingi 3, nacho kingemtumikia mtu kwa miaka kadhaa. Shilingi 3 hazikuwa fedha ndogo wakati huo, hasa ukikumbuka kwamba watu walikuwa wakifuta penseli kwa chembe za mkate. Priestley mwenyewe hakukiita kitu hicho "rubber". Jina lilikuja baada yake, likatokana na kazi iliyokuwa ikifanyika mezani, na kwa kuwa bidhaa ilitoka katika nchi za ng'ambo ambazo Wazungu walizichanganya zote chini ya jina la "Indies", ikaitwa "India rubber", yaani kisugulio cha kutoka huko. India ya Delhi na Bombay haikuhusika.

Wafaransa walikuwa wamekwisha kupita njia nyingine. Charles-Marie de La Condamine, aliyekwenda Amerika Kusini na msafara wa kupima umbo la dunia ulioanza mwaka 1735, alipeleka Paris sampuli za utomvu huo pamoja na jina lililotokana na lugha za wenyeji, ambalo Kifaransa kililiandika "caoutchouc". Wajerumani wakalifanya "Kautschuk", Waitaliano "caucciù", Warusi nao wakalitamka kwa namna yao. Wareno wa Brazili walichagua "borracha", ambalo awali lilikuwa jina la kiriba cha divai, kwa sababu vyombo vya kwanza vya mpira walivyoviona vilikuwa na umbo hilo. Kiingereza kilipata nafasi ya kuchukua neno la Kifaransa, na kwa muda "caoutchouc" lilionekana katika maandishi ya wasomi, lakini watu wa kawaida walishikilia jina la kile walichokuwa nacho kwenye kibweta cha kalamu. Hivyo maada ambayo ingekuja kubeba magari na ndege za dunia nzima ikapewa jina la kazi yake ndogo kuliko zote.

Mpangilio huu wa matukio una jambo ambalo kamusi nyingi za wanafunzi hulipindua. Tunafundishwa kwamba kifutio kinaitwa "rubber" kwa sababu kimetengenezwa kwa mpira. Historia inasema kinyume: mpira unaitwa "rubber" kwa sababu ulikuwa kifutio. Mtoto wa Kiingereza anayemwomba mwenzake "a rubber" darasani anatumia maana iliyo karibu zaidi na shina la neno kuliko mhandisi anayezungumzia tairi. Ndiyo maana vifutio vyeupe vinavyouzwa leo madukani, ambavyo vingi ni vya plastiki aina ya vinili na havina tone la utomvu, bado vinaitwa "rubbers" nchini Uingereza bila mtu kuona kasoro. Vinasugua, hilo linatosha.

Kilichofuata baada ya hapo ni safari ya kurudi. Jina lilitoka kwenye kifaa likaenda kwenye maada, kisha kutoka kwenye maada likashuka tena juu ya kila kifaa kilichotengenezwa kwayo. Safari hiyo isingewezekana kama mpira ungebaki ulivyokuwa mwanzoni, kwani uliyeyuka na kunata wakati wa joto na kukauka kama ubao wakati wa baridi. Mwaka 1823 Charles Macintosh alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kitambaa kisichopitisha maji, chenye tabaka la mpira katikati, na jina lake likawa jina la koti la mvua. Mwaka 1839 Charles Goodyear huko Massachusetts aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hautishwi tena na majira. Hataza yake ya Marekani ilitoka mwaka 1844, wakati Thomas Hancock akiwa amekwisha kuwahi ya Uingereza. Mwaka 1845 Stephen Perry wa London akapata hataza ya ule mpira mdogo wa mviringo wa kufungia karatasi, na mwaka 1888 daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, akapata ya tairi la kujazwa upepo. Kila kitu kati ya hivi kilihitaji jina la kila siku, na kila nchi inayosema Kiingereza ikajichagulia lake.

Hapa ndipo sarufi inapoingia, nami nadhani ndicho kiini ambacho walimu wetu wanakiruka. Kiingereza hutenganisha maana za neno hili kwa vile vibainishi vidogo ambavyo sisi tunavidharau. Likiwa halina kibainishi wala wingi, "rubber" ni maada: "made of rubber", "the price of rubber". Likipata "a", linageuka kuwa kitu kinachohesabika, na kitu hicho ni kifutio kwa Mwingereza na kondomu kwa Mmarekani. Likiwa katika wingi, "rubbers", linaweza kuwa vifutio, kondomu, au viatu vya mpira vinavyovaliwa juu ya viatu vya ngozi wakati wa mvua na theluji. Likipata "the", linaweza kuwa tairi zinazogusa barabara, mchezo wa kuamua mshindi, au lile bamba jeupe ambalo mrushaji wa besiboli hulikanyaga anaporusha. Herufi moja au tatu zilizowekwa mbele ya nomino zinafanya kazi ambayo orodha ya visawe haiwezi kuifanya, kwa kuwa orodha huzivua nomino zote vibainishi vyake kabla ya kuzipanga.

Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo, na mzungumzaji wake anapojifunza Kiingereza huelekea kuviacha. Akisema "give me rubber", hajaomba kifutio. Ameomba kipande cha mali ghafi. Lugha yetu huitenganisha mizigo ya neno "mpira" kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa a-unganifu na kitenzi: mpira wa miguu, mpira wa kumwagilia bustani, mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli, mpira wa mkojo anaowekewa mgonjwa hospitalini, mpira wa kiume. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sehemu ya pili ya kirai haiachwi mpaka muktadha uwe umeshajulikana. Majirani zetu wamelipeleka mbali zaidi, kwani katika Kinyarwanda "umupira" ni mpira wa kuchezwa na ni fulana au sweta pia, na mtu wa Kigali anapoagiza kimoja hapewi kingine.

Tukirudi kwa Waingereza na Wamarekani, tofauti yao juu ya kifutio ndiyo inayosimuliwa zaidi, na husimuliwa kama kichekesho: mgeni aliyesoma Kiingereza cha Uingereza anaingia darasani Marekani, anaomba "a rubber", darasa zima linacheka. Tukio la namna hiyo hutokea, lakini nadhani hofu inayojengwa juu yake imezidi kiasi. Wamarekani walikuwa na "eraser" tangu karne ya 19. Awali lilikuwa pia jina la kisu kidogo cha kukwangulia wino. Maana ya kondomu ilikuja kwao kama neno la mtaani katika karne ya 20, na haikuua maana nyingine papo hapo: wazee wa majimbo yenye theluji waliendelea kuwaambia wajukuu "put on your rubbers" bila aibu, maana kilichokuwa kinazungumzwa kilijulikana kutokana na mlango, mvua na viatu vilivyokuwa vikisubiri. Kitu kinachomponza mgeni ni kukosekana kwa majirani wa kumsaidia, kwani sentensi fupi kama "do you have a rubber?" haina penseli ndani yake wala karatasi. Angesema "a rubber for this pencil line" hata Mmarekani angeelewa, ingawa angetabasamu.

Waingereza wenyewe hawakosi maana hiyo ya faragha, ila wao huivisha nguo: husema "rubber johnny", au hutaja jina la kampuni iliyozoeleka kwao. Kwa kuwa "rubber" peke yake lilikwisha kukaliwa na watoto wa shule, maana ya faragha ililazimika kutafuta neno la kuambatana nalo. Huu ni utaratibu unaofaa kuzingatiwa na yeyote anayefundisha visawe: maana mbili za neno moja zinapoishi katika mji mmoja, moja huhama au huongeza jina la pili, na jambo hilo huamuliwa na nani alifika kwanza. Ubao nao una sehemu yake katika mgawanyo huu. Mwingereza ana "board rubber" ya kufutia chaki, Mmarekani anaiita "eraser" kama ile ya penseli, na sisi tulichukua neno la tatu, "duster", tukalifanya dasta.

Viatu vinastahili kukaliwa kidogo zaidi, kwa sababu huko ndiko visawe vimeachana kabisa. Mapema katika karne ya 19 Wamarekani wa Boston walikuwa wakiagiza kutoka Brazili viatu vya mpira vilivyotengenezwa na wenyeji wa Amazon, na kutoka hapo "rubbers" ikawa jina la viatu vya kuvalia juu. Waingereza walipendelea "galoshes", na buti ndefu za mpira wakaziita "wellingtons", kwa jina la jemadari aliyewashinda Wafaransa Waterloo, ingawa buti zake yeye zilikuwa za ngozi. Katika nchi nyingi za iliyokuwa himaya yao, "gumboots" ndilo lililoshika, nasi tukapata gambuti. "Gum" hapo ni jina jingine la kale la mpira katika Kiingereza, na limeacha watoto wachache wa ajabu: mpelelezi wa Marekani aliitwa "gumshoe" kwa kuwa soli za mpira zilimwezesha kutembea bila kusikika, na hali hiyohiyo ya kunyata ndiyo iliyozaa "sneakers". Waingereza huviita viatu vya namna hiyo "trainers", na vile vyepesi vya turubai "plimsolls". Kiingereza cha Kenya kina "rubber shoes", ambacho Mwingereza angeelewa polepole, na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka kina raba. Mtu akiuliza kisawe cha "raba" kwa Kiingereza, jibu linategemea kama anayesikiliza yuko London, Chicago au Nairobi, na hakuna hata moja kati ya majibu hayo ambalo ni "rubber".

Tukija kwenye maada yenyewe, orodha za visawe hutupatia "caoutchouc", "India rubber", "gum elastic", "latex" na "elastic" kana kwamba ni ndugu wa kufanana. Matatu ya kwanza ni majina ya kale ya kitu kilekile, na anayeyatumia leo anaandika kama mtu wa karne ya 19. "Latex" ni utomvu mweupe kabla haujagandishwa, au bidhaa nyembamba zinazotokana nao moja kwa moja, kama glavu za madaktari. Hakuna anayesema gari lake lina tairi za "latex". "Elastic" katika matumizi ya nyumbani ni ile lastiki ya kiunoni, yenye nyuzi za mpira zilizofumwa ndani ya kitambaa. Utata unaongezeka kwa ule mpira wa kufungia karatasi wa Perry, ambao Wamarekani huuita "rubber band" na Waingereza wengi "elastic band", huku wenyeji wa Pittsburgh na vitongoji vyake wakisema "gumband" na kushangaa kwamba wengine hawasemi hivyo. Tukubaliane basi kwamba "elastic" ni kisawe cha "rubber" mbele ya "band" tu, na upande mmoja tu wa bahari ya Atlantiki.

Wafanyabiashara wa mpira, ambao walikuwa na sababu za fedha za kutokosea, hawakuamini kamwe kwamba neno moja linatosha. Katika soko la London la mwishoni mwa karne ya 19 mpira uliitwa kwa asili yake. "Para" ulikuwa ule wa mti wa Hevea, uliopitia bandari ya jimbo la Pará nchini Brazili; "Ceara" ulitoka kwenye mti wa jamii ya muhogo ambao baadaye Wajerumani waliupanda kwa wingi Tanga na Muheza, kabla bei haijaanguka mwaka 1913 kwa sababu ya mashamba ya Asia. Mashamba hayo ya Asia yenyewe yalitokana na mbegu 70,000 hivi ambazo Henry Wickham alizitoa Brazili mwaka 1876 na kuzifikisha kwenye bustani ya Kew. Pwani yetu ya kusini nayo ilisafirisha mpira wa mitambaa ya msituni, na mmoja wa mitambaa hiyo wataalamu wa mimea waliuita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, konsuli wa Uingereza Zanzibar.

Ni katika biashara hiyo ambapo neno lilipata kivumishi kizito kuliko vyote. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kama mali yake binafsi kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, iliwalazimisha wanavijiji kuleta utomvu wa mitambaa kwa kiwango kilichopangwa. Walioshindwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, watu waliuawa, na askari walikata mikono ili kuthibitisha kwamba risasi walizopewa hazikupotea bure. Ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza huko Kongo, iliyochapishwa mwaka 1904, na kampeni ya mwandishi wa habari E. D. Morel ziliwafanya wasomaji wa Uingereza wazoee maneno "red rubber", mpira mwekundu, na mtu aliyeyasikia hakuhitaji kuelezwa wekundu huo ni wa nini. Katika orodha za visawe sijawahi kuona kirai hicho kikitajwa, ilhali kwa miaka kadhaa ndicho kilichokuwa mojawapo ya maana zilizotamkwa zaidi za neno hili katika siasa za Uingereza. Jina lililoanza kwenye meza ya mchoraji lilifika huko bila kubadilisha hata herufi.

Kuna "rubber" nyingine ambayo haina undugu wa wazi na hizi zote. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 Waingereza walitumia neno hilo kwa mfululizo wa michezo, kwanza katika mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, kisha katika karata za "whist" na "bridge", ambamo upande unaotangulia kushinda michezo miwili huwa umeshinda "the rubber". Umri wake unalitenga na utomvu wa Amazon kwa takriban miaka mia mbili. Wanaisimu wetu wangeiita homonimu, yaani maneno mawili yanayofanana sura, na si neno moja lenye maana mbili. Waandishi wa habari za michezo hukutana nalo katika kriketi, na katika tenisi ya Kombe la Davis, ambako kwa miongo mingi pambano la nchi mbili lilikuwa na "rubbers" tano. Likishinda taifa moja tatu za mwanzo, zilizobaki huitwa "dead rubbers". Nimewahi kusoma tafsiri ya Kiswahili iliyozungumzia "mpira uliokufa", na msomaji asiyejua Kiingereza angedhani labda uwanjani palipasuka kitu. Tuna kirai chetu kilichokomaa katika soka, mechi ya kukamilisha ratiba, ambacho kinafaa hapo bila kuongezwa wala kupunguzwa neno.

Matumizi ya sitiari nayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanaeleweka zaidi. "Rubber cheque" ni hundi iliyodunda, na mdundo huo tumeupokea katika Kiswahili bila kuupokea mpira wenyewe. "To burn rubber" ni kuondoka kwa kasi hadi tairi zinaacha alama barabarani. "Rubberneck" ni neno la Wamarekani wa mwishoni mwa karne ya 19 kwa mtu anayerefusha shingo kutazama mambo ya wenzake, na leo hutumika kwa madereva wanaopunguza mwendo ili kuangalia ajali. "Rubber stamp" ni muhuri wa ofisini, ambao chapa yake hutengenezwa kwa mpira, na kwa upanuzi ni bunge au bodi inayopitisha kila inacholetewa. Inafaa kuona kwamba katika sitiari hizi zote hakuna hata moja inayokubali kisawe: "eraser cheque" haipo, "latex neck" haipo, na "elastic stamp" haipo. Neno likishaganda ndani ya nahau halibadilishwi, hata kama lina visawe ishirini nje ya nahau hiyo.

Mfano wa mwisho wa upotofu wa majina ni ule mmea wa majani mapana yanayong'aa unaopandwa kwenye vyungu sebuleni, ambao Waingereza huuita "rubber plant". Ni Ficus elastica, mti wa Assam na nchi za jirani, na ingawa una utomvu wake, si huo unaolishwa viwanda vya tairi duniani. Mti wa mashambani ni "rubber tree". Tofauti kati ya "plant" na "tree" hapo si ya ukubwa, maana Ficus elastica ukiachwa msituni huwa jitu. Ni tofauti ya mimea miwili tofauti kabisa.

Pendekezo langu kwa waandishi wa vitabu vya Kiingereza wanaowaandikia wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba zoezi la "andika kisawe cha neno lifuatalo" liondolewe, angalau kwa maneno ya aina hii, na mahali pake ziwekwe sentensi. Mwanafunzi apewe "The gloves are made of rubber", "Lend me a rubber, I have spelt this wrong", "She left her rubbers on the porch because of the snow", "India won the rubber" na "Parliament must not be a rubber stamp", kisha aulizwe ni ipi inayokubali "eraser", ni ipi inayokubali "latex", ni ipi inayokubali "series", ni ipi isiyokubali chochote, na ni kibainishi gani kilichomsaidia kujua. Sentensi ya tatu aulizwe pia ni ya nchi gani. Akishindwa hilo la tatu, mwalimu amwonyeshe theluji, maana neno "porch" nalo linahitaji somo lake.